Tambi za Mboga za Kihindi-Kichina: Namna ya Kuzipika Nyumbani Zikatoka Kavu na Zisishikane

Ukiagiza tambi za Hakka kwenye mgahawa wa Kihindi, iwe Parklands jijini Nairobi au katikati ya Dar es Salaam, sahani inayoletwa mezani utaitambua hata ukiwa umefumba macho. Harufu ya kitunguu saumu kilichopigwa na moto mkali inatangulia, siki inafuata. Ukichota kwa uma, kila uzi wa tambi unajitenga na mwenzake. Kabichi na karoti bado zinalia zikitafunwa. Ukimaliza, chini ya sahani hakuna mchuzi. Kuna alama ya mafuta tu.

Nyumbani mambo huenda kombo. Tambi zinashikana, kabichi inatoa maji, sosi inaogelea, na mpishi anaongeza soya zaidi akidhani kilichokosekana ni ladha. Lakini viungo vya chakula hiki ni vichache na karibu vyote vinapatikana sokoni kwetu kwa bei ya kawaida. Kinachokosekana ni ukavu na moto. Karibu kila hatua utakayoisoma hapa ina kazi ya kuondoa maji au kuulinda moto usipoe, na ukilishika hilo unaweza hata kubadilisha mboga upendavyo na chakula kikatoka sawa.

Chakula chenye kwao

Kabla ya kuwasha jiko, ni vizuri kujua unapika cha wapi, maana ndicho kitakachokuongoza utie nini na uache nini.

Kwao ni Kolkata, mashariki ya India. Wachina walianza kufika huko mwishoni mwa karne ya 18, jiji likiitwa Calcutta. Anayekumbukwa kuwa wa mwanzo ni mfanyabiashara Tong Achew, aliyepewa ardhi na gavana mkuu Mwingereza, Warren Hastings, karibu na Budge Budge kando ya mto Hooghly. Akalima miwa na kusimamisha kiwanda cha sukari. Kijiji cha Achipur kinabeba jina lake mpaka leo. Waliomfuata walikuja na ufundi wao: Wakantoni wengi walikuwa maseremala, na Wahakka, jamii ya Wachina wa kusini, wakashika kazi ya ngozi, ambayo Wahindu wa tabaka za juu hawakutaka kuigusa. Wahakka hao wakajenga viwanda vyao vya ngozi huko Tangra, mashariki ya jiji. Mwaka 1996 mahakama ya juu kabisa ya India ilipoamuru viwanda hivyo vihamishwe kwa sababu ya uchafuzi, Tangra ilikuwa tayari inajulikana kwa migahawa, na migahawa ndiyo iliyobaki kuwa sura yake.

Mpishi wa Kihakka aliwapikia Wabengali, Wapunjabi na Wamarwari. Wateja hao walizoea pilipili mbichi, kitunguu saumu kingi na tangawizi, na wengi wao hawakula nyama kabisa. Akapika kwa karai na moto wa kwao, kwa ladha ya wenyeji. Ndivyo alivyofanya pia Nelson Wang, mpishi mzaliwa wa Kolkata, mwaka 1975 kwenye klabu ya kriketi ya Mumbai: alianza na kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbichi kama Mhindi yeyote anayeanza mchuzi, kisha mahali pa garam masala akatia sosi ya soya na wanga wa mahindi. Hapo ndipo ilipozaliwa Manchurian, vipande vya kuku au mboga vilivyokaangwa na kutiwa sosi hiyo, ambayo leo huliwa pamoja na tambi hizi kila mahali.

Na kuna sehemu chungu ya historia hii. India na China zilipopigana mwaka 1962, maelfu ya Wahindi wenye asili ya China walikamatwa na kuzuiliwa kambini Deoli, Rajasthan, bila kosa lolote. Baadaye wengi waliondoka India, na wengi wao wakahamia Canada. Ndiyo maana ukiwa Toronto ukaona mgahawa umeandikwa Hakka, wenyeji wanatarajia kukuta pilipili na kitunguu saumu cha Kolkata.

Nimeyasema haya kwa sababu mara nyingi nasikia chakula hiki kikidharauliwa kuwa ni Kichina kilichoharibiwa. Sikubaliani. Kina watu wake na jiji lake, na viungo vyake vinajulikana: soya, siki, pilipili mbichi, kitunguu saumu, pilipili manga. Sosi ya chaza na divai ya mchele ni vya majiko mengine. Na kwa kuwa siki ndiyo inayoshika nafasi ya divai, Mwislamu anaweza kukipika bila wasiwasi, mradi asome maandishi ya chupa za sosi.

Jiko na karai

Karai la chuma, lile lile la kukaangia bajia na sambusa, ndilo bora. Liwe pana, na liwe kavu kabisa. Chuma hushika moto na kuurudisha kwenye chakula, na mdomo wake mpana unaruhusu mvuke kutoka haraka. Sufuria yenye kuta zilizosimama huuzuia mvuke ndani, na mboga zinachemka badala ya kukaangika.

Kikaango cha tefloni kinaweza kutumika, lakini usikiache kikiwa kitupu juu ya moto mkali, kwa sababu utando wake huanza kuharibika na kutoa moshi mbaya ukipita nyuzi joto 260 hivi. Kwa kikaango hicho tia mafuta kwanza, tumia moto wa juu kiasi, na ukubali kwamba ile harufu ya moshi haitapatikana yote.

Jiko la gesi ni zuri, tumia kichomeo kikubwa na ufungue mpaka mwisho. Jiko la mkaa nalo lisidharauliwe: subiri mkaa uwake wote uwe mwekundu, upepee, kisha weka karai karibu kabisa na makaa. Kwa jiko la umeme la sahani bapa, karai la duara halifai kwa sababu linagusa moto mahali padogo tu. Chukua kikaango kipana chenye kitako bapa na ukipashe kwa muda mrefu zaidi. Popote unapopikia, fungua dirisha. Pilipili ikipigwa na mafuta ya moto inakohoza nyumba nzima.

Kununua

Tambi zinazotakiwa ni zile kavu za ngano, nyembamba na ndefu, zinazouzwa zimekunjwa kama vitofali au vifundo. Kwenye maduka ya Wahindi na supamaketi kubwa pakiti zake huwa zimeandikwa Hakka au chow mein. Zile tambi laini kama nywele, tunazopika kwa sukari, nazi na iliki wakati wa Ramadhani, hazifai hapa; zinavunjika karaini. Zile za pakiti ndogo zenye kifuko cha viungo pia zimeshakaangwa kiwandani na hulainika haraka mno.

Kama unampikia mgeni asiyekula nyama, soma pakiti uone kama kuna mayai. Wahindi wengi wasiokula nyama hawali mayai pia, na kumwekea mgeni sahani ambayo hawezi kuigusa ni aibu inayoepukika kwa kusoma mstari mmoja.

Ukikosa kabisa tambi hizo, chukua spageti nyembamba kuliko zote dukani, na wakati wa kuzichemsha tia bikabonati ya soda nusu kijiko cha chai kwa kila lita ya maji. Tambi nyingi za Kichina hukandwa na chumvi za magadi, na ndizo zinazozipa rangi ya manjano na ule mnyumbuko. Bikabonati kwenye maji inazisogeza spageti upande huo. Usizidishe, zitakuwa na ladha ya sabuni. Na maji yake hufura povu jingi, hivyo tumia sufuria kubwa.

Sosi ya soya ziko mbili. Nyepesi ina chumvi nyingi na ndiyo inayotia ladha. Nyeusi ni nzito, ina utamu kidogo, na kazi yake kubwa ni rangi. Ukiweza kununua moja tu, nunua nyepesi. Ukikaangia kwa nyeusi peke yake sahani inatoka kama imepakwa lami na bado chumvi haijatosha. Siki iwe nyeupe, ya kawaida. Mafuta yawe ya alizeti au mengine yaliyosafishwa, yasiyo na harufu na yanayovumilia moto. Mafuta ya nazi na ya zeituni yaache kwa vyakula vingine.

Kipimo cha watu wawili au watatu

Tambi kavu gramu 200. Karoti moja ya kiasi. Kabichi iliyokatwa nyembamba, kikombe kimoja na nusu. Pilipili hoho moja. Mishiri (maharagwe mabichi ya ganda) minane hadi kumi. Kitunguu maji kimoja kidogo. Miche minne ya vitunguu vya majani. Punje sita za kitunguu saumu. Kipande cha tangawizi cha sentimita mbili. Pilipili mbichi mbili. Mafuta vijiko vinne vya mezani.

Kwa sosi: soya nyepesi kijiko kimoja na nusu cha mezani, soya nyeusi kijiko kimoja cha chai, sosi ya pilipili kijiko kimoja cha chai, sukari nusu kijiko cha chai, pilipili manga iliyosagwa nusu kijiko cha chai. Siki vijiko viwili vya chai, lakini iweke kando peke yake.

Jikoni kwa Wahindi utakuta pia ajinomoto, unga wa kukoleza ladha. Ukitaka, tia kidogo sana, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Usipotia hakuna kitakachoharibika.

Chemsha tambi mapema

Hatua hii ndiyo inayoamua kila kitu, na ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote. Kama wageni wanakuja saa moja jioni, chemsha tambi saa kumi. Ukizichemsha asubuhi au usiku uliotangulia ukaziweka kwenye friji, bora zaidi.

Chemsha lita mbili za maji kwenye sufuria kubwa pamoja na vijiko viwili vya chai vya chumvi. Maji yawe yanatokota kwa nguvu kabla hujatia tambi. Tia, subiri nusu dakika zilainike, kisha zitenganishe taratibu kwa uma. Usizifunike. Pakiti itakuambia dakika kadhaa. Wewe anza kuonja dakika moja kabla. Toa uzi mmoja, ukate kwa meno, utazame pale ulipokatika: katikati pakiwa na kitone chembamba cheupe na jino linahisi ugumu kidogo, zimefika. Zitaivia karaini. Zikiwa laini kabisa wakati huu, karai litazigeuza uji.

Mwaga kwenye chujio papo hapo na uzipitishe chini ya maji baridi ya bomba, ukizigeuza kwa mkono mpaka zipoe zote hadi ndani. Maji hayo yanafanya kazi mbili: yanakata uivaji, na yanasuuza wanga ulioganda juu ya tambi. Wanga huo ndio gundi inayozishikanisha. Suuza mpaka maji yanayotoka chini yawe karibu safi, bila ukungu wa wanga.

Sasa zikaushe. Kung'uta chujio kwa nguvu, liache likae dakika tano, likung'ute tena. Tandaza tambi kwenye sinia pana, zinyunyizie vijiko viwili vya chai vya mafuta na uzichanganye kwa vidole mpaka kila uzi uwe umeguswa. Ziache wazi mahali penye hewa kwa nusu saa au zaidi. Zikiwa tayari hazing'ai maji na hazinati mkononi. Hapa watu wengi huona kama muda unapotea, lakini tambi iliyolowa ikiingia kwenye karai, jambo la kwanza inalofanya ni kuupoza moto wako, na baada ya hapo hakuna sosi itakayokuokoa.

Kata mboga zifanane na tambi

Mboga zote zikatwe ndefu na nyembamba, kiasi cha njiti ya kiberiti. Zinapokuwa na umbo la tambi zinajisokota pamoja nazo kwenye uma, na kwa wembamba wake zinaiva ndani ya dakika moja bila kupata nafasi ya kutoa maji.

Karoti imenye, ikate vipande vya urefu wa kidole, kila kipande kipasue vibapa vyembamba, kisha vipange na uvikate vijiti. Hoho itoe mbegu na ule utando mweupe wa ndani, wenye maji mengi. Kabichi toa uti mnene wa katikati ya jani kisha kata nyuzi. Mishiri ikate mshazari, vipande vyembamba sana, kwa kuwa ndiyo inayochelewa kuiva kuliko zote. Kitunguu maji kikate vibapa. Vitunguu vya majani tenga sehemu nyeupe na majani mabichi: nyeupe inaingia mwanzo, majani mwisho kabisa.

Kitunguu saumu na tangawizi vikatekate kwa kisu. Usivitwange na usivisage. Vikisagwa hutoa maji, hunata kwenye karai na kuungua kabla havijatoa harufu, na ladha yake hugeuka ya mchuzi wa pilau. Vipande vidogo vilivyokatwa kwa kisu vinakaangika vizuri na unavikuta mdomoni.

Kama umeosha mboga muda si mrefu, zifute kwa taulo safi ya jikoni. Na usizitie chumvi zikisubiri, hasa kabichi. Chumvi inavuta maji.

Unaweza kubadilisha: uyoga, brokoli iliyochambuliwa vidogo, njegere changa. Nyanya usitie, na biringanya pia. Kolifulawa ni nzuri, ila yenyewe ipikwe kando kama Manchurian.

Kukaanga

Kila kitu kiwe mkono unapofika: mboga kwenye visahani kwa mpangilio wa kuingia, sosi imeshachanganywa kwenye kikombe, siki kando, tambi kwenye sinia. Ukishawasha moto hutapata nafasi ya kutafuta kijiko. Kazi yote haifiki dakika tano.

Pika kwa mafungu mawili. Jiko la mgahawa lina moto mkali mara nyingi kuliko wa nyumbani, kwa hiyo wao wanaweza kutia kilo nzima na karai lisitetereke. Letu likijazwa linapoa, mvuke unajaa, na umeshapoteza. Gawa tambi, mboga na sosi nusu kwa nusu. Ndivyo utakavyofanya hata ukiwa na wageni kumi: mafungu mengi madogo, haraka haraka, ukimimina kwenye sinia moja kubwa.

Pasha karai tupu kwa dakika mbili au tatu mpaka uone moshi mwembamba ukianza kupanda. Tia kijiko kimoja na nusu cha mafuta, lizungushe yasambae.

Tia kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbichi na weupe wa vitunguu vya majani. Koroga sekunde 10 hadi 15 tu. Kitunguu saumu kikianza kubadilika rangi pembeni, usisubiri. Kikifika kahawia kitakuwa kichungu na uchungu huo hauondoki.

Tia kitunguu maji, geuza kwa nusu dakika. Kisha karoti na mishiri, dakika moja. Kisha kabichi na hoho, dakika moja nyingine. Mwiko usitulie, lakini usibonyeze. Chota kutoka chini na kupindua. Muda wote huo sikiliza. Karai linatakiwa lilie kwa sauti kali ya kukaanga. Sauti ikishuka ikawa ya kutokota, moto umezidiwa: acha kuongeza kitu, tandaza mboga pembeni ya karai, usubiri sauti irudi.

Tia tambi. Tumia mwiko na uma mkubwa, au koleo mbili za jikoni, uzinyanyue juu na kuziachia ili mboga zipenye katikati yake. Zikishachanganyika, zitandaze na uziache bila kuzigusa kwa sekunde 20. Kujizuia hapa ni kugumu lakini kuna faida yake: zile zilizogusa chuma zinapata madoa ya kahawia na harufu ya kuokwa. Pindua, uziache tena.

Sosi imwage kuzunguka ukingo wa karai, juu ya chuma chenyewe, usiimwage juu ya tambi. Ikigusa chuma cha moto inachemka papo hapo, maji yake yanaruka, sukari yake inaungua kidogo, na kinachoteremka kwenye tambi ni ladha iliyokolea. Geuza kwa nguvu kwa dakika moja mpaka rangi ienee. Inatakiwa iwe kahawia nyepesi, ya dhahabu. Ukiona nyeusi, soya imezidi.

Mwisho tia siki, pia ukingoni, pindua mara mbili, tia majani ya vitunguu, zima moto. Siki ikitangulia mapema ukali wake wote unapotea hewani, na hiyo ndiyo ladha inayoitofautisha sahani hii na spageti yoyote. Onja chumvi sasa, si kabla, maana soya imeshatia chumvi yake. Toa chakula chote kwenye karai mara moja, la sivyo joto la chuma litaendelea kukiivisha. Futa karai, lipashe, pika fungu la pili.

Kikienda vibaya

Tambi zikishikana ukiwa katikati ya kupika, usiongeze maji. Ongeza kijiko cha chai cha mafuta ukingoni na uzinyanyue kwa uma mbili. Mara nyingi zitaachana. Zisipoachana, hazikusuuzwa vya kutosha, na dawa yake ni safari nyingine.

Maji yakijikusanya chini, toa tambi na mboga kwenye sinia, acha karai likauke na litoe moshi tena, kisha rudisha nusu tu kwa wakati mmoja. Chumvi ikizidi, tupia konzi ya kabichi mbichi na tambi ulizobakiza. Usijaribu kuifunika kwa sukari. Na kama ladha imepooza ingawa chumvi ipo, karibu kila mara kilichopungua ni siki au pilipili manga.

Za kuongezea mezani

Pilipili ya siki haikosekani. Kata pilipili mbichi vipande vyembamba, ziweke kwenye kibakuli kidogo, mwagia siki nyeupe izifunike, tia chumvi kidogo, ziache saa moja. Kila mtu ajinyunyizie kwa kiasi chake, na hivyo watoto wanaweza kula chakula kile kile na watu wazima.

Anayetaka moto wa kweli atengeneze sosi ya Schezwan ya Kihindi. Loweka pilipili nyekundu kavu kumi na mbili kwenye maji ya moto kwa nusu saa, baada ya kuzitoa mbegu. Zile za Kashmiri zinazouzwa maduka ya Wahindi zina rangi nzito na ukali wa kiasi. Ukitumia za kwetu zilizo kali, punguza ziwe tano na uongeze kijiko cha nyanya ya kopo kwa ajili ya rangi. Zisage na maji kidogo. Pasha vijiko vinne vya mafuta kwa moto mdogo, kaanga punje kumi na mbili za kitunguu saumu zilizokatwakatwa na tangawizi kidogo mpaka vinukie, tia pilipili uliyosaga, na upike taratibu mpaka mafuta yajitenge juu. Malizia na kijiko cha mezani cha siki, kijiko cha chai cha soya, sukari na chumvi. Iweke kwenye friji ndani ya chupa safi na uitumie ndani ya wiki moja. Kijiko kimoja cha mezani, kikitiwa kabla ya tambi kuingia karaini, kinatosha fungu zima.

Muuza chow mein wa barabarani Kolkata huweka juu ya sahani vibapa vya kitunguu kibichi na tango, kisha mstari wa sosi ya nyanya na wa sosi ya pilipili. Mimi sosi ya nyanya siitaki, lakini tango na kitunguu nakushauri uvijaribu: vinapoza mdomo na kukata mafuta.

Kwa mgeni Mjaini, yaani mfuasi wa dini ya Kijaini ya India, acha kitunguu maji, kitunguu saumu, vitunguu vya majani, tangawizi na karoti, kwa kuwa Wajaini wengi hawali kinachochimbwa ardhini. Ongeza kabichi, hoho za rangi mbili na pilipili manga. Sahani bado inasimama. Kwa wanaokula mayai, yavuruge mawili karaini kabla ya kuanza, yatoe yakiwa bado laini, uyarudishe wakati wa sosi. Panir, jibini ya Kihindi, ikatwe vipande vidogo, ikaangwe pembeni mpaka iwe ya dhahabu, iingie mwisho.

Zikibaki

Zipoze upesi kwa kuzitandaza, zifunike, ziingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu zitoke jikoni, na zisikae zaidi ya siku mbili. Kuzipasha moto, usizichemshe wala usiziweke kwenye sufuria yenye kifuniko. Pasha karai, tia kijiko cha chai cha mafuta, zitandaze, ziache zikamate chini kidogo, kisha zipindue mpaka ziwe za moto kabisa. Zikionekana kavu kupita kiasi, nyunyiza maji matone machache ukingoni, na matone mengine ya siki ukishazima moto.